Sikio Langu la Kulia

Jumatano, 6 Agosti

Mazoezi saa kumi kama kawaida. Watu ishirini na sita. Ukungu ulishuka mapema, waliotoka upande wa bondeni wakachelewa. Nimeanza na wimbo wangu wa mavuno, ule tutakaopeleka kwenye mashindano ya jimbo. Nimewasimamisha soprano mara tatu. Mnashuka, nikawaambia. Mara ya nne nikakasirika, nikaenda kwenye kinanda kuwaonyesha wanaposhukia. Nikabonyeza. Kinanda nacho kimeshuka.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole, nikabonyeza tena. Sauti ikawa safi. Nikaachia kidole. Sauti mbili: moja ya kweli, nyingine chini yake kidogo, chafu, kama redio isiyoshika stesheni. Soprano hawakushuka. Ni mimi. Sijui tangu lini. Huenda tangu Pasaka nimekuwa nikiwagombeza watu bure.

Sikuwaambia. Nimesema tumechoka, tufunge kwa sala.

Nakijwa alikuwa ananitazama kutoka mstari wa pili, kwenye alto, anaposimama tangu tuoane. Njiani hakuuliza kitu.

Alhamisi, 7 Agosti

Kizunguzungu kimenishika darasani. Darasa la sita, hesabu za sehemu. Kwanza sikio likajaa, kama mtu aliyezama majini. Kisha ile kelele ya mashine ya kusaga. Nikajua nina dakika chache. Nilikaa sakafuni mbele ya watoto, nikakumbatia mguu wa meza. Ubao ukazunguka, dirisha likaufuata. Walimu wenzangu wakanibeba mpaka ofisini, wakaniwekea ndoo. Kwa muda wa saa tatu nimelala nimefumba macho. Nikigeuza kichwa, natapika.

Huu ni mwaka wa sita. Daktari wa Same alishanieleza: maji ya sikio la ndani yanazidi. Yakizidi yanavuruga kile kinachomsimamisha mtu wima na kile kinachosikia, vyote pamoja, kwa sababu vimepanga nyumba moja. Vidonge nimemeza. Chumvi nimeacha. Makande yasiyo na chumvi, miaka miwili. Nakijwa anapika sufuria mbili. Mwaka jana nilichomwa sindano ya dawa ndani ya sikio lenyewe, nikapumua miezi minne. Kimerudi na nguvu mpya.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeanguka kanisani.

Hakukuwa na kizunguzungu. Hakukuwa na dalili. Nilikuwa nimeinua mikono, beti ya tatu, mara nikawa chini, kana kwamba mtu amenivuta miguu. Paji la uso liligonga ngazi ya madhabahu. Akili yote ninayo, naona viatu vya watu.

Na wimbo haukukatika. Hicho ndicho ninachokiandika leo, si kuanguka. Nilipoinua macho sikumwona mchungaji wala wazee wa kanisa waliokuwa wananiburuta. Niliuona mkono wa mke wangu. Alitoka kwenye alto, akasimama palepale niliposimama mimi, miguu yangu ikiwa bado iko hapo, akainua mkono. Beti mbili zilizobaki akaziimbisha. Mkono mdogo. Haupigi hewa kama wangu. Unaelekeza tu.

Beti ya mwisho ilikuwa safi kuliko ya kwanza. Nilisikia hivyo nikiwa nimelazwa kwenye benchi, nimeziba sikio bovu.

Nyumbani alinieleza: kwaya ingevunjika, kanisa zima lingekukodolea macho wewe. Nikamwambia asante. Sikuwa na asante yoyote moyoni.

Jumatano, 13 Agosti

Mchungaji alikuja asubuhi. Ni kijana, nilimfundisha darasa la nne. Akaniamkia, akauliza hali, akanywa chai. Kisha akamwomba Nakijwa aishike kwaya kwa muda. Alinitazama mimi, akamwomba yeye. Nakijwa naye akanitazama. Ningesema nini? Nikasema ni sawa.

Nyumba yetu iko chini ya kanisa. Saa kumi nikakaa uani. Sikio moja halijui sauti inatoka wapi. Kwaya ilikuwa juu ya kichwa changu, lakini niliisikia kama iko bondeni kwenye migomba. Waliimba, wakasimama, wakarudia. Halafu wakacheka. Wote, kicheko kirefu.

Nimeifundisha kwaya ile miaka ishirini na miwili. Hawakuwahi kucheka. Nilikuwa najivunia hilo.

Jumamosi, 16 Agosti

Leo wamezidisha saa nzima. Kwangu walikuwa wanachungulia simu kuona muda.

Namwonea wivu mke wangu. Nimeliandika. Limekaa vibaya hata kwenye karatasi.

Jumatano, 20 Agosti

Mzee Sefania amepita na mkungu wa ndizi. Yeye ndiye besi mkongwe wetu, ana miaka sabini na zaidi. Akaketi, akasifu. Hana ubaya, ndiyo maana iliniuma. Eti Mama Neema, mke wangu, anatoa sauti ya kuanzia bila kinanda, kichwani tu, na haikosei. Mimi ndiye niliyejulikana kwa hilo. Watu walitoka sharika za jirani kuja kuliona.

Jioni nikamfuata jikoni. Nikamuuliza, kwa sauti niliyojaribu kuilainisha, alijifunza wapi.

"Kwako," akasema, anapepeta mchele. "Miaka ishirini na miwili nasimama mbele yako. Ulidhani nafanya nini pale?"

Ukweli ni kwamba sikuwahi kudhani anafanya chochote. Nilidhani ni alto.

Jumanne, 26 Agosti

Moshi, hospitali kubwa. Tulishuka Same na gari la alfajiri. Kona zote nimefumba macho, Nakijwa amenishika mkono. Kuanzia Same barabara imenyooka, nikafumbua.

Waliniingiza kwenye kile chumba kidogo kisicho na mwangwi, wakanivika vipokea sauti masikioni. Kushoto nilisikia kila mlio. Kulia nilingoja, nikangoja. Kisha maneno. Nirudie ninachosikia. Wakasema "maji", nikasema "gari". Wakasema "kuku", nikasema "bubu". Kijana mpimaji hakucheka. Afadhali angecheka.

Daktari ni mama wa makamo, anaongea taratibu, anakaa upande wangu wa kushoto bila kuambiwa. Akanichorea sikio kwenye karatasi. Sikio linalosikia bado, akasema, huwa wanajaribu kuliokoa: wanafungua mfupa kwenye kifuko cha yale maji ili presha ipungue, au wanakata mshipa wa fahamu wa mizani na kuuacha wa usikivu. Langu limeshapita hapo. Langu ni kulitoboa kwa nyuma na kuviondoa vile vifereji vinavyomweka mtu wima. Vikishaondoka havitatuma tena habari za uongo. Ubongo utajifunza kusimama kwa sikio la kushoto peke yake. Lakini na usikivu uliobaki utakufa wote, siku hiyohiyo.

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa kwaya.

"Mwalimu," akasema, "hilo sikio halikusaidii kuimba tena. Linakusaidia kuanguka tu."

Akanionya pia kwamba ugonjwa unaweza kuhamia kushoto. Si kwa wote. Nisiposhughulikia kulia, siku kushoto kukianza sitakuwa na pa kushika.

Nakijwa alikuwa ametoka kwenda dirisha la dawa. Daktari akafungua daftari lake. Ana nafasi mbili: Jumanne tarehe 16 Septemba, au Jumanne tarehe 30. Yeye angependa ya kwanza, maana nimeshaanza kuanguka ghafla.

Mashindano ni Jumamosi tarehe 4 Oktoba. Siku nne baada ya ile ya pili. Mgonjwa wa kukatwa vile hawezi hata kukaa mwenyewe siku nne za mwanzo. Lazima mkewe awe kando ya kitanda.

Nimechagua ya pili.

Alhamisi, 28 Agosti

Nimemwambia Nakijwa kwamba ndiyo nafasi pekee waliyokuwa nayo.

Alihesabu kwa vidole, akafika Jumamosi, akasimama. Nikangoja akasirike. Nilitaka akasirike. Akasema afya kwanza, kwaya itajua la kufanya. Akaenda kukata majani ya ng'ombe.

Nimelala vizuri kuliko wiki zote. Mtu mbaya analala vizuri, sikulijua hilo.

Jumatano, 10 Septemba

Nilifikiri watakata tamaa. Hawakukata. Anawafundisha kuimba bila mwalimu. Mzee Sefania amenieleza: mama anawaanzishia, kisha anakwenda kukaa nyuma kabisa ya kanisa, na wao wanasikilizana. Wanapumua pamoja. Mara mbili wamefika mwisho bila kosa.

Zamani, mimi nisipokuwepo, hawakuweza hata kufungua vitabu.

Kizunguzungu Jumatatu, Jumanne, na leo. Shuleni nimepewa ruhusa mpaka baada ya upasuaji.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeanguka tena ghafla. Safari hii shambani mteremkoni, kwenye tangawizi, mtaro wa juu kabisa. Nikaporomoka mitaro miwili. Nakijwa alikuwa chini yangu anapalilia, akajitupa mbele yangu kama mtu anayezuia gogo. Tukaenda wote mpaka kwenye shina la mgrevilea. Mimi jino limevunjika. Yeye kifundo cha mguu kimevimba kama papai.

Alikaa kwenye matope ananifuta damu mdomoni kwa khanga yake. Akasema laiti wangekuwa na nafasi mapema kidogo.

Juzi ilikuwa tarehe 16. Leo ningekuwa nimeshakatwa, nimelala kitandani, siko mtaroni.

Nilifungua mdomo nimwambie. Nikasema jino linauma.

Jumatatu, 22 Septemba

Simu ililia nikiwa nimelala baada ya kizunguzungu cha asubuhi. Nakijwa akapokea. Nilimsikia akiitikia, ndiyo, ndiyo, ni mkewe. Kisha akauliza, taratibu, "Samahani, ya kwanza ilikuwa lini?"

Akashukuru. Akaiweka simu mezani.

Nimekaa chumbani nikingoja aje. Hakuja. Aliwasha moto, akapika. Sufuria mbili.

Jumanne, 23 Septemba

Hasemi. Si kununa. Anauliza kama nimemeza vidonge, anachechemea kwenda bombani, anarudi. Ningempa sikio la pili nalo, mradi anigombeze.

Alhamisi, 25 Septemba

Amesema. Alirudi kutoka mazoezini jana na hakulala na hasira yake, nadhani, kwa sababu leo asubuhi alikuwa mtulivu kabisa. Alivuta kigoda, akakaa upande wa kushoto nisikie vizuri. Hilo tu lilitosha kunivunja.

"Nesi aliniambia zilikuwepo nafasi mbili, na wewe ndiye uliyechagua," akasema. "Sitaki kujua kwa nini. Najua kwa nini."

Nikaanza kueleza. Akainua mkono. Uleule.

"Ungeniambia tu, Baba Neema. Ungesema, kaa chini, hiyo ni kwaya yangu. Ningekaa."

Najua angekaa. Angerudi mstari wa pili siku hiyohiyo, bila neno, na mimi ningemwona kila Jumatano amekaa kwa ajili yangu. Sikuwa na ujasiri wa kumwomba hilo mchana kweupe, nikaliiba kwa mlango wa nyuma. Nikamwambia hivyo, au kitu kama hivyo. Nilimwambia pia kwamba nilikuwa na wivu, kwa neno lenyewe. Mwanaume wa miaka hamsini na tatu.

Akatazama mguu wake uliovimba.

"Sasa sikai," akasema.

Kisha akanipangia, kama anayesoma ratiba. Jumatatu atanipeleka Moshi. Jumanne atangoja mpaka nitoke chumba cha upasuaji. Jumatano na Alhamisi atanilinda. Ijumaa mchana atashuka Same, Jumamosi ataimbisha, Jumapili atarudi kwangu. Mdogo wangu Elisante atatoka kijijini Bendera kukaa nami siku hizo mbili. Alishampigia. Amekubali.

Nikasema sawa. Niliona nafuu. Na chini ya nafuu, kama ile sauti chafu ya chini ya kinanda, nilikuwa bado nina wivu.

Jumatatu, 29 Septemba

Wodini. Kitanda cha dirishani. Jirani yangu ni mkulima wa kahawa kutoka Msangeni, ugonjwa uleule, sikio la kushoto. Yeye wamemfungulia kile kifuko tu, wiki iliyopita. Anasikia. Anaongea na simu kwa sikio lilelile lenye bandeji, anacheka, anaulizia bei ya mbuzi.

Nikamchukia. Kahawa haihitaji sikio. Nikalala nimempa mgongo.

Jioni akanisogezea chungwa. Akaniambia wamemweleza kwamba kwa wengine kizunguzungu hurudi hata baada ya kufunguliwa vile, na kwamba kila asubuhi anaogopa kuinua kichwa kwenye mto. Ananiona nina bahati. Mimi nitakatwa mara moja na kumaliza. Nilikula chungwa lake.

Nakijwa amelala kwa binamu yake hapa mjini. Kabla hajaondoka aliinama kwenye sikio la kulia, akasema kitu. Sikulisikia neno, niliusikia mnong'ono tu. Nikamuuliza amesema nini. Akasema halikuwa neno la kwako, lilikuwa la hilo sikio.

Alhamisi, 2 Oktoba

Naandika vibaya. Mistari inakimbia.

Jumanne walinikata. Niliamka na dunia nzima inakwenda kushoto, haikomi. Macho yanacheza yenyewe. Daktari alisema ndivyo inavyopaswa kuwa, sikio moja limenyamazishwa na ubongo bado unalitafuta. Natapika. Dripu. Nakijwa ameshika beseni siku mbili. Hajala sawasawa.

Kulia hakuna kitu. Si kimya. Ile mashine ya kusaga bado iko, mbali. Lakini zaidi ya hiyo hakuna kitu, kama upande ule wa chumba haupo.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimekaa. Dakika kumi, mito mitatu. Ukuta unatembea, haukimbii.

Elisante amefika na mfuko wa machungwa. Nakijwa akamwonyesha kila kitu: dawa, beseni, asinigeuze haraka. Kisha akasimama mbele yangu na mkoba wake. Nilikuwa nimejiandaa kusema Mungu akutangulie, waimbe vizuri. Nilikuwa nimelirudia kichwani.

Nikasema, usiwakimbize kwenye beti ya tatu.

Akaitikia kwa kichwa. Akaondoka anachechemea.

Jumamosi, 4 Oktoba

Asubuhi nzima nilimsumbua Elisante. Saa ngapi? Wameshaanza? Zilikuwa kwaya tisa, yetu ya saba. Nimwombee nini? Nilijaribu kuomba waimbe vizuri na sala haikuenda popote. Nikaomba nisiwe mtu wa namna hii.

Saa nane simu ikalia. Mtu wa tenor alikuwa ameiweka simu yake kwenye benchi la mbele. Elisante akanishikia kwenye sikio la kushoto.

Nakijwa alitoa sauti. Nilimsikia, peke yake, noti nne. Kisha wakaingia.

Sijui niandikeje. Ilikuwa sauti moja. Kwa miezi, labda zaidi ya mwaka, kila kitu nilichosikia kilikuwa na kivuli chake kichafu kando, na nilishakizoea hata nikawa nawalaumu watu. Sasa kile kilichokuwa kinatia uchafu kimeondolewa na kutupwa. Soprano walikuwa safi. Walikuwa safi siku zote.

Na beti ya tatu hakuwakimbiza. Alifanya zaidi. Pale nilipoandika sauti zote nne ziingie kwa nguvu, alizinyamazisha tatu, akaacha besi peke yao, chini, Mzee Sefania na wenzake, kama watu wanaoongea shambani. Kisha akazirudisha nyingine moja moja. Huo ni wimbo wangu, niliutunga mimi, na sikuwahi kujua kwamba hilo limo ndani yake.

Nililia. Elisante akadhani ni kidonda, akataka kumwita nesi.

Wamekuwa wa pili. Elisante aliponiambia, nilifurahi. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma: nilifurahi kwamba si wa kwanza. Ilidumu kama dakika moja. Kisha ikawa tu kwamba mke wangu amekuwa wa pili na alistahili zaidi, nikauliza majaji walikuwa akina nani.

Jumapili, 5 Oktoba

Amerudi saa saba na vumbi la njia kwenye nywele. Nikamwambia nilisikia. Nikamwambia kuhusu besi wa beti ya tatu, kwamba ni bora kuliko nilivyoandika. Sikuongeza "lakini". Lilikuwepo, nikalimeza.

Akavua viatu, akakaa chini kuegemea kitanda changu, akalala palepale.

Jumanne, 21 Oktoba

Nyuzi zimetoka. Mazoezi niliyopewa: kutazama kidole gumba huku natikisa kichwa. Kusimama miguu pamoja, macho yamefumbwa. Kutembea mstari mnyoofu nikigeuka kulia na kushoto. Ng'ombe wananitazama. Ninayumba kama mlevi lakini sianguki. Wiki mbili na zaidi bila kizunguzungu cha kutapika. Tangu ile sindano iishe nguvu sijapata utulivu wa namna hii.

Gizani ndiyo bado. Na pikipiki zinazotoka kulia sizisikii kabisa. Jana moja karibu inipitie.

Jumanne, 11 Novemba

Nimerudi darasani. Nusu siku. Meza yangu nimeihamishia upande wa dirisha ili darasa lote liwe kushoto.

Mchungaji ameniuliza, kwa adabu, lini nitairudia kwaya. Nilikuwa na jibu tayari tangu hospitali, na bado lilinichukua muda kulitoa. Nimemwambia kwaya ina mwalimu.

Kisha nikaenda kupasua kuni, kuni nyingi kuliko tulizohitaji.

Jumatano, 26 Novemba

Nimekwenda mazoezini. Mara ya kwanza tangu Agosti. Nimesimama na besi, mwisho kabisa upande wa kulia, ili kwaya yote iwe kwenye sikio zima. Nilipoingia, wawili watatu wakasogea kana kwamba nitapita kwenda mbele. Sikupita. Nakijwa aliendelea kugawa karatasi.

Mstari wa nne nikachelewa kuingia. Nilikuwa nautazama mkono wake, nikifikiri unapaswa kuwa juu zaidi.

Akasimamisha. "Besi," akasema. "Wa mwisho kulia. Umechelewa."

Watu wakatazama sakafu. Mzee Sefania akakohoa. Damu ilinipanda usoni, naiandika kama ilivyokuwa. Lakini nilikuwa nimechelewa kweli.

"Tena, mwalimu," nikasema.

Akainua mkono. Nikaingia nao.

Wakati wa kurudi mvua za vuli zilikuwa zimelainisha njia. Alitembea kushoto kwangu, ambako namsikia, akinieleza mpango wake wa Krismasi. Kuna mambo mawili sikukubaliana nayo. Nimemwambia moja.